Smatiwachi ya elfu 35 inapima presha na sukari, wakuu hii kitu ni kweli au ndo tunapigwa?

Mzee wa Bati

Wakuu salamu. Naenda moja kwa moja maana mke wangu kanipa hadi jumamosi niwe nimeamua.

Nina miaka 44, nina duka la vifaa vya ujenzi Mbagala, yani kutwa nzima nimekaa kwenye kiti cha plastiki naandika risiti, saruji na nondo wanabeba vijana. Mwezi uliopita nilimsindikiza mama kliniki nikasema ngoja na mie nipime tu, ikaja 152 kwa 96, nikaambiwa kaa upumzike, wakarudia ikaja 148 kwa 94. Daktari hajanianzishia dawa, kasema punguza chumvi, tembea kila siku, presha uwe unapima na kuandika halafu rudi baada ya mwezi.

Sasa juzi nimeenda Kariakoo kufuata mzigo wa vitasa nikakuta kijana kapanga smatiwachi mezani, akanivalisha moja ya mraba ina skrini kubwa, pembeni ina kitufe cha rangi ya chungwa, anasema inapima presha, sukari, oksijeni, mapigo, joto la mwili, usingizi mpaka stresi, bei elfu 35 nikimbembeleza anaachia 30. Akabonyeza palepale ikasoma 121 kwa 79. Nilifurahi mkono ukaenda mfukoni, halafu nikajiuliza mbona kliniki nimekaa kwenye benchi chini ya feni nilikuwa 148, na hapa nimetoka kushuka ghorofa tatu jua la saa nane jasho linatiririka ndo nimekuwa mzima?

Kwaiyo nauliza, kuna smatiwachi ya bei ya kawaida inayopima presha ya kweli? Bajeti yangu laki, nikijikaza sana laki na nusu. Simu yangu ni Tecno. Na je nikitembea na jasho hili la Dar haiharibiki? Naomba mwenye uzoefu, sio wa kusikia.

---

Chuma Mboga

Elfu 35 inapima presha, sukari, joto na stresi, hiyo sio saa mkuu hiyo ni zahanati. Ulimuuliza kama ina wodi ya wazazi?

---

Kijiwe Nongwa

Mzee wa Bati mimi ninayo ndugu yake na hiyo, nilinunua mwaka jana elfu 40 nikajiona mjanja. Miezi miwili natembea kifua mbele kwamba presha yangu ni ya kijana wa miaka 20.

Siku hiyo ilikuwa Ramadhani niko jikoni namsaidia wife kumenya mihogo ya futari, nikavua saa isilowe. Sijui shetani gani akanituma, nikachukua muhogo mmoja mnene uliokwisha menywa nikaufunga ile saa nikabonyeza pima. Taa za kijani zikapepesa pepesa, nusu dakika ikaleta majibu, mapigo 74, presha 116 kwa 75, oksijeni 98. Muhogo! Mimi mwenyewe sijawahi kupata namba nzuri vile. Wife akaniambia basi huyo tusimpike bado mzima. Watoto wakaidaka, wakaivalisha chupa ya maji, wakaivalisha mguu wa meza, wote wazima wa afya.

Nikaanza kusoma hizi taa zinafanya nini. Kumbe ule mwanga wa kijani unamezwa na damu, moyo ukidunda damu kwenye ngozi inaongezeka kidogo na mwanga unaorudi kwenye sensa unapungua, moyo ukipumzika mwanga unarudi mwingi, saa inahesabu hayo mawimbi inakupa mapigo. Hapo ni sawa, hata saa za milioni zinatumia njia hiyohiyo. Ila presha ni nguvu ya damu inavyosukuma mshipa, na ili uijue nguvu lazima kitu kiubane mkono kiachie. Taa haibani kitu. Kwenye ile yangu mwanzo kabisa iliniuliza umri, jinsia, urefu na uzito, nikajua wanataka kunihudumia vizuri, kumbe ndo malighafi ya kutungia namba.

---

Sista wa Zamu

Niko zamu ya usiku mnivumilie nikiandika kwa vipande.

Muhogo umenichekesha lakini ngoja niwaambie kisichochekesha. Kuna baba mmoja jirani yetu, mgonjwa wa presha miaka mingi, watoto wake walimnunulia saa ya aina hiyo. Kila asubuhi inasoma 120 na ushee, akasema nimepona, dawa akaacha kimyakimya. Alikuja kuletwa mdomo umeenda pembeni na mkono wa kulia hauinuki. Yuko hai, anatembea kwa mkongojo. Saa bado anayo.

Kwaiyo kaka Mzee wa Bati presha usiipime kwa hiyo kitu. Nunua mashine ya presha yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko, sio ya kifundo cha mkono. Na uipime hivi: kojoa kwanza, usiwe umekunywa chai ya rangi wala kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita, kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini usikunje nne, tulia dakika 5 bila kuongea, mkono uweke mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili ukiachanisha dakika moja, andika zote. Watu wanapima wakiwa wanagombana na mtoto kwenye simu halafu wanakuja kutuambia mashine mbovu.

Saa zinazokaribia ukweli zipo ila sio za bajeti yako. Huawei walitoa Watch D ambayo ndani ya mkanda wake kuna kipulizio kinajaa hewa kinabana mkono kweli, na za Samsung zenye kipimo cha presha inabidi kila siku 28 uzirekebishe kwa mashine ya kawaida, yani hata wao wenyewe wanakuambia mashine ya mkono ndo mwalimu.

Sukari ndo msiguse kabisa. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mtu wa insulini akiamini namba ya saa akajichoma dozi anaweza asiamke. Na oksijeni pia chukulieni kwa tahadhari, hata vile vipimo vya kidole vya hospitali utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwa watu weusi vinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, sembuse saa ya mezani.

Naitwa wodini, ntarudi.

---

Mzee wa Bati

Sista ubarikiwe, hiyo habari ya jirani imenitoa ushamba wote. Basi presha nitanunua mashine, nachanga na mdogo wangu ikae kwa mama maana na yeye ni mgonjwa. Ila saa bado naitaka ya kunikumbusha kutembea, na ya mapigo na usingizi. Nikinunue kipi nisipigwe?

---

Winga Mstaafu

Nimekuwa winga, yani dalali wa kuvuta wateja, Kariakoo miaka sita kabla sijafungua kibanda changu, naomba nisimame upande wa wauzaji kidogo, sio wote matapeli, wengi wetu hata sisi tunasoma kilichoandikwa kwenye boksi. Boksi likisema inapima sukari na mimi nakuambia inapima sukari. Mteja mwenyewe anakuja anasema nataka yenye vitu vingi, yenye vitu vichache anaona nimemletea ya mtoto.

Ila siri ntakupa. Usiulize saa inapima nini, muulize inatumia programu gani kwenye simu. Akikutajia programu ambayo hujawahi kusikia na ukiangalia saa 50 zenye maumbo tofauti zote zinatumia hiyo hiyo, ujue ni mzigo mmoja tu umebadilishwa kava. Akisema Mi Fitness hiyo ni ya Xiaomi, Zepp ni Amazfit, Huawei Health ni Huawei, Samsung wana yao. Mwambie tuunganishe hapahapa dukani na simu yako, feki ya Xiaomi haiwezi kuunganika Mi Fitness. Muuzaji akianza kusema ooh mtandao unasumbua, rudisha hela mfukoni.

Na kingine saa za maana za bei ndogo haziandiki presha kabisa kwenye boksi. Xiaomi Smart Band 9 haipimi presha. Huawei Band 9 haipimi presha. Samsung Galaxy Fit3 haipimi presha. Sasa jiulize makampuni makubwa vile yameshindwa kwenye saa za bei ndogo, huyu wa elfu 35 kaweza vipi.

Angalia na waya wa chaji kabla hujaondoka. Zile za sumaku zinatofautiana kila toleo, ukiupoteza utazunguka mtaa wa Aggrey mzima hupati unaofanana, mwisho saa inageuka bangili.

---

Mguu Niponye

Niko Nairobi, hobi yangu ni kukimbia, sio mbio za medali ni zile za kupunguza kitambi kwa msitu wa Karura asubuhi. Nimevaa hizi saa nyembamba za mkanda tangu 2018, sahi niko na ya tatu.

Mzee, hizo tatu winga ametaja chukua yoyote utakayopata kwa bei poa. Tofauti zake ni kidogo sana. Xiaomi wanasema betri inaenda siku 21, Huawei 14, Samsung 13, lakini hizo ni hesabu za maabara. Ukiwasha ipime mapigo kila dakika na skrini isizime, kata nusu. Bado ni sawa, kuna jamaa yangu ako na saa ya bei ghali anachaji kila usiku kama simu. Samsung haishikani na iPhone lakini wewe uko na Tecno kwa hivyo hiyo si shida yako.

Jasho usiogope. Zote tatu ni 5ATM, hicho ni kiwango cha kuzuia maji, kuogelea unaogelea. Kitu zinachukia ni maji moto na sabuni, usiingie nayo kwa bafu ya moto. Na ukitoka chumvi ya bahari isuuze na maji baridi.

Sasa vitu hakuna mtu atakuambia dukani. Kwanza, hizo tatu hazina GPS ndani, zinakopa ya simu. Ukiacha simu nyumbani, umbali unakisiwa tu kwa urefu wa hatua. Mimi nilienda kwa uwanja wa riadha, mzunguko ni mita 400, nikapiga raundi kumi, saa ikaniambia nimekimbia kilomita 4.6 badala ya 4. Nilikuwa nimejisifu kwa wasee wote. Kama unataka kuacha simu, tafuta yenye GPS yake kama Amazfit Bip 5, lakini hapo bajeti yako itapiga kelele.

Pili, vaa kidole kimoja juu ya ule mfupa wa kifundo, ikaze wakati wa mazoezi mpaka isiteleze, kisha legeza ukimaliza. Ikiwa imelegea, mwanga wa nje unaingia na inaanza kuhesabu hatua zako kama mapigo, unaona moyo uko 170 na unatembea tu. Tattoo nyeusi chini ya saa pia inaiharibia hesabu.

Tatu, kalori usiziamini. Stanford walijaribu vifaa saba mwaka wa 2017, kwa mapigo vingi vilikuwa sawa, kwa kalori hata kile kizuri zaidi kilikosea asilimia 27. Kwa hivyo saa ikisema umechoma kalori za chapati mbili usikimbilie chapati mbili. Nimefanya hiyo makosa mwaka mzima.

Na hatua elfu kumi isikunyime usingizi. Hiyo namba haikutoka kwa daktari, ilitoka Japani 1965, kampuni iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kikaitwa Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi, ikashika dunia nzima. Kuna utafiti wa 2019 wa akina mama wazee kule Marekani, faida ilikuwa inaongezeka mpaka kama 7,500 hivi kisha inatulia. Anza na 4,000, mwili utakuambia.

---

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Mwanangu Mzee wa Bati, mimi nina miaka 61, niko Mombasa, nami ninayo ya Huawei alinitumia binti yangu. Wallahi sikuitaka, nilimwambia mimi na saa ya taa taa wapi na wapi. Sasa sivui.

Kwangu faida ni mbili. Alfajiri yanitetemesha mkono polepole wala mzee wangu haamki akanuna. Na nikikaa saa nzima barazani na wenzangu yanipigia mtetemo kuwa inuka, basi wote huinuka tukaenda mpaka baharini tukarudi, imekuwa saa ya mtaa sasa.

Lakini nikuonye kuhusu ngozi. Mwezi wa pili nilifanya vipele vyekundu mkononi, vyawasha hatari, nikadhani ni mkanda wa mpira. Kumbe nilikuwa nikifua nguo nayo na sabuni yaganda chini yake. Tangu nianze kuivua nikaosha mkono nikakausha, na usiku wa pili naihamisha mkono mwengine, vimekwenda zake.

Na ile habari ya usingizi usiishike sana. Yanambia nimelala masaa saba na nusu ilhali nilikuwa macho nimelala chali nawaza karo ya mjukuu. Ukitulia tu yajua umelala.

---

Sista wa Zamu

Nimerudi. Bi Mkubwa kweli kabisa, hizi saa zinakisia usingizi kwa mkono kutotikisika na mapigo kushuka, kwaiyo ukilala macho wazi unahesabiwa.

Kaka, kwenye kutembea usikazanie hatua tu, Shirika la Afya Duniani wanasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kuhema kidogo. Hesabu ya mkato toa umri wako kwenye 220, wewe inabaki 176, mwendo wa wastani ni kama nusu yake mpaka asilimia 70, yani 88 mpaka 123 hivi. Ni makadirio tu. Kipimo kizuri kuliko saa, uweze kuongea na mwenzio ila ushindwe kuimba kwaya. Na ukija kuanzishiwa dawa zile zinazopunguza mapigo kama atenolol hiyo hesabu itupe, muulize daktari wako. Kifua kikibana au kizunguzungu, simama uende hospitali, usianze kuangalia saa inasemaje.

---

Mzee wa Bati (wiki tatu baadae)

Wakuu nimerudi na mrejesho, maana hapa watu wanauliza wakishasaidiwa wanapotea.

Nimechukua Xiaomi Smart Band 9, elfu 115, tumeunganisha dukani kama winga alivyosema. Mashine ya presha ipo kwa mama, napita asubuhi kabla ya kufungua duka. Siku mbili za mwanzo saa ilikuwa kila nikifunga simu inakatika, nikaanza kumtukana muuzaji moyoni, kumbe Tecno yangu inaua programu ili kuokoa betri. Nikaenda kwenye mipangilio nikairuhusu Mi Fitness ijiwashe yenyewe na isibanwe na betri, tangu hapo hamna kelele. Mwenye Tecno au Infinix alijue hilo asirudishe saa bure.

Hatua sasa. Nikipanda boda kutoka Rangi Tatu na ile barabara ya vumbi ya kuingilia kwetu inanipa hatua mia tatu nimekaa. Halafu jana nimesukuma mkokoteni wa mabati mwenyewe mpaka kwa mteja na kurudi, jasho la kufa mtu, imenipa hatua 60, kwa sababu mikono imeshika mkokoteni haichezi. Dunia haina haki.

Mapigo nikiwa nimetulia yalikuwa 84 sasaivi ni 79. Presha ya leo asubuhi kwa mashine ni 138 kwa 88. Sio mbaya eti?

Na kuna moja sijamwambia mke wangu. Jumanne niliisahau saa kwenye meza ya duka, kijana wangu mmoja akaivaa kutwa nzima akishusha saruji ya semi trela. Usiku wife kashika simu anaona hatua 19,000, kanipikia pilau. Nimekula pilau.

---

Chuma Mboga

Kesho mvalishe yule muhogo wa Kijiwe upate na presha nzuri ya kumpelekea daktari.

---

Sista wa Zamu

Hahaha kaka hizo 19,000 kamwambie ukweli kabla hajakuona umekaa kwenye kiti cha plastiki. 138 kwa 88 imeshuka lakini bado tunataka ishuke zaidi, endelea kuandika. Ulipima mkono gani?

---

Mzee wa Bati

Wa kushoto. Kwani inatofautiana?

---

Sista wa Zamu

Inaweza kutofautiana. Kesho pima yote miwili, unaosoma juu ndo uutumie kila siku. Na saa ivue kwenye mkono unaopima.